Punguza Kwanza, Ndipo Uharakishe

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mliofika,

Mada tuliyopewa inazungumzia uwiano kati ya maisha mepesi na tija binafsi. Neno uwiano linatuletea picha ya mizani: upande huu wepesi, upande ule tija, na sisi tukihamisha mawe madogo mpaka mkono utulie katikati. Naomba tuiweke kando mizani hiyo, kwa sababu ndiyo inayowachosha watu. Anayeishika hujibana siku tano, hutafuta utulivu wa kufidia siku mbili, na wiki mpya humkuta na mzigo uleule. Wepesi na tija ni vitu vinavyofuatana. Wepesi hutangulia, tija hufuata. Ukigeuza mpangilio huo, tija yenyewe huanza kukuzalia mzigo.

Itazaaje mzigo? Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alieleza jambo kuhusu makaa ya mawe. Injini za mvuke zilikuwa zimeboreshwa, zikala makaa machache kwa kazi ileile. Ungetarajia makaa yanayotumika nchini yapungue. Yaliongezeka, kwa kuwa injini isiyokula sana ilikuwa na faida hata pale ambapo zamani isingelipa, basi injini zikawa nyingi. Saa za binadamu nazo huenda hivyo. Anayejifunza kuandika ripoti kwa saa 2 badala ya 4 hapati saa 2 za kupumzika, hupata ripoti ya pili. Mara nyingi hajapewa na bosi wake. Amejipa mwenyewe, kwa sababu nafasi ilionekana tupu.

Nyumbani ni vilevile. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alionyesha mwaka 1983, akichunguza nyumba za Marekani, kwamba mashine za kufulia na majiko ya kisasa viliondoa sulubu lakini havikumpunguzia mama wa nyumbani saa za kazi kama ilivyodhaniwa. Viwango vya usafi vilipanda, na kazi zilizokuwa zikifanywa na baba, watoto na watumishi zikamwangukia yeye. Na mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes alikisia mwaka 1930 kwamba baada ya miaka 100 watu wangefanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Uzalishaji aliouwazia katika nchi tajiri umekuja kwa kiasi kikubwa. Saa 15 hazijaja. Utajiri ule uligeuzwa kuwa vitu zaidi na kazi zaidi, kwa sababu muda uliookolewa haukuwa na mwenyewe.

Nitarudi kwenye huyo mwenyewe wa muda. Kwanza tupunguze, na hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Gabrielle Adams na wenzake, walichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kuboresha kitu fulani. Katika jaribio mojawapo, paa la jengo la matofali ya kuchezea lilikuwa limeegemea tofali moja kwenye kona, na lilitakiwa kuimarishwa. Kila tofali la kuongeza lilitozwa. Suluhisho la bei nafuu lilikuwa kuliondoa lile tofali moja ili paa likae juu ya ukuta. Wengi waliongeza nguzo. Walipokumbushwa waziwazi kwamba kuondoa tofali ni bure, waliogundua njia hiyo waliongezeka. Maana yake ni kwamba kupunguza hakutujii akilini kwenyewe. Kunahitaji kuulizwa kwa sauti. Ukitegemea kwamba siku moja utaona cha kuacha, hutakiona. Lazima ukae na karatasi.

Juu ya karatasi hiyo andika ahadi, usiandike kazi. Kazi ni "kutuma taarifa ya kikao". Ahadi ni "mimi ni katibu wa kikundi". Ahadi huzaa kazi kila wiki, na anayekazana kumaliza kazi bila kugusa ahadi anafyeka magugu na kuacha mizizi. Gawa karatasi safu nne: jina la ahadi, nani anaitegemea, dakika inazokula kwa wiki, na tarehe itakayoisha. Jipe dakika 45. Usiandike kwa kumbukumbu tu, maana kumbukumbu itakutajia ajira, familia na jambo moja linalokuudhi, basi. Fungua kalenda ya wiki 8 zilizopita. Pitia ujumbe uliotuma, kwa sababu ahadi nyingi zilianza kwa neno "sawa". Hesabu makundi uliyomo kwenye simu. Angalia malipo yanayokatwa kila mwezi, kwani kila unachokilipia kinakudai pia muda: kukitazama, kukisasisha, kujuta kwamba hukukitumia. Kisha ongeza mstari wa kukumbuka: nani kati yenu nyumbani anayekumbuka tarehe za dawa, za ada, za kodi? Hiyo ni kazi hata kama haionekani, na anayeifanya huwa haiandiki.

Safu ya nne huwashtua watu kuliko zote. Kwenye karatasi nyingi iko tupu karibu yote. Watu huingia kwenye ahadi kwa mlango mpana na hawakujenga mlango wa kutokea.

Sasa hesabu. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 8 unachukua 56, zinabaki 112. Tumchukue mtu mwenye ajira ya saa 45, anayesafiri saa moja na nusu kwa siku, siku 5: toa 45, toa 7.5, zinabaki 59.5. Kula, kuoga na kuvaa kwa saa mbili na nusu kila siku ni 17.5, zinabaki 42. Kazi za nyumbani na kuwahudumia watu wake, saa 2 kwa siku, ni 14, zinabaki 28. Weka namba zako badala ya hizi, lakini usilione 28 ukafurahi. Toa theluthi nzima kwa ajili ya maradhi, wageni, na mambo yatakayochukua muda kuliko ulivyodhani. Zinabaki kama 19.

Theluthi hiyo si uoga. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu kasoro yetu ya kupanga: tunakisia kwa kutazama mambo yakienda sawa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu lini wangemaliza tasnifu zao. Wastani wa makisio ulikuwa siku 33.9. Walitumia wastani wa siku 55.5. Kinachonigusa zaidi ni kwamba waliombwa pia wakisie siku ambazo wangetumia iwapo kila kitu kingekwenda kombo, wakasema 48.6. Hata ubaya waliouwazia ulikuwa mwepesi kuliko hali halisi. Kwa hiyo makisio yoyote ya kazi usiyoizoea yazidishe kwa 1.6 kabla ya kuyaandika kwenye ratiba. Kazi uliyoifanya mara nyingi usiikisie. Tazama ilichukua muda gani mara tatu zilizopita, andika wastani wake.

Jumlisha safu ya dakika. Ikiwa ahadi zako nje ya ajira na nyumba zinadai saa 31 na wewe unazo 19, pengo ni saa 12. Hakuna mbinu ya kuamka mapema wala programu ya simu itakayoziba saa 12. Watu hujaribu kuziba kwa usingizi, na usingizi hulipiza kwenye kazi ileile uliyotaka kuimaliza. Pengo la namna hiyo huzibwa kwa kukata.

Kuna kosa la kawaida katika kukata: mtu aliyechoka huacha kwanza vitu vinavyompumzisha, kwa sababu hivyo havina mtu wa kulalamika. Anaacha kutembea jioni, anaacha kuimba na wenzake, anabaki na kamati tatu. Baada ya mwezi amepata saa 4 na amepoteza nguvu ya kuzitumia. Usianze huko. Wala usianze na jambo kubwa kuliko yote, kwani uzito wa kuliamua utakukwamisha usikate lolote. Anza na yale yanayojirudia, yasiyo na tarehe ya mwisho, ambayo yakikosekana mwezi mzima hakuna atakayeumia. Dakika 20 kila wiki ni zaidi ya saa 17 kwa mwaka. Dakika 15 kila siku ni saa 91. Hayo ndiyo yanayokula maisha, na kwa kuwa kila moja ni dogo hakuna anayeyashtaki.

Kuacha kabisa ni njia mojawapo tu. Unaweza kukabidhi. Unaweza kupunguza marudio: kikao cha kila wiki kikawa cha kila wiki mbili, taarifa ya kila siku ikawa ya Ijumaa. Unaweza pia kushusha kiwango, na hili nitalieleza baadaye kidogo. Lakini ukiamua kuacha, sema kwa sentensi tatu: uamuzi, tarehe, makabidhiano. "Nitaacha ukatibu mwisho wa mwezi ujao. Nimeandaa daftari lenye majina, tarehe na mahali mafaili yalipo, na niko tayari kukaa na atakayepokea kwa vikao viwili. Mpaka siku hiyo nitaendelea kama kawaida." Usitoe orodha ya sababu. Ukisema huna usafiri, utaletewa usafiri. Ukisema kikao ni usiku, kitahamishiwa mchana. Nawe utakuwa umenaswa na wema wa watu. Usiseme "nitajitahidi" wala "tutaona", kwa kuwa msikilizaji atasikia ndiyo. Kwa mtu unayemheshimu, nenda uso kwa uso, usimtumie ujumbe. Wiki 4 za taarifa zinatosha kwa ahadi nyingi. Atakayeondoka ghafla atapigiwa simu miezi mitatu kuulizwa mambo ambayo kurasa mbili za maelezo zingeyajibu, na hapo hajaacha chochote.

Ahadi mpya zitaendelea kuja. Kwa hizo jiwekee desturi mbili: usijibu siku hiyohiyo, na usipokee bila kutaja kitakachotoka ili hiyo iingie. Tena iingie na tarehe yake ya kutoka. "Nitasimamia hesabu kwa miezi 6" ni jibu la heshima, na linamwezesha anayekuomba kujipanga.

Hadi hapa hatujagusa mbinu hata moja ya kufanya kazi haraka. Tukifika kwenye mbinu, ya kwanza nayo ni ya kupunguza. Mwaka 1961 mtaalamu wa Kimarekani John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo wenye viwanda na hospitali huitumia hadi leo. Kwa lugha ya meza yako inasema hivi: muda ambao kazi hukaa mkononi mwako ni idadi ya kazi ulizofungua ukigawa kwa idadi unazomaliza kwa wiki. Una kazi 18 zilizo wazi na unamaliza 3 kwa wiki? Kila moja itakaa wastani wa wiki 6. Ukibaki na kazi 6 wazi, kwa kasi ileile ya 3 kwa wiki, kila moja itakaa wiki 2. Hukuongeza bidii hata kidogo. Waliokuwa wakingoja wiki 6 sasa wanangoja 2 tangu siku ulipoishika kazi yao, na wewe husumbuliwi tena na simu za "vipi, imefikia wapi?" ambazo zenyewe zilikuwa kazi.

Na kasi kwa kweli hupanda, kwa sababu kuruka kutoka kazi hadi kazi kuna gharama. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi moja na kuingia nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama hakuimaliza, na ile ya pili huumia. Wahenga waliliona hili bila maabara waliposema mshika mawili moja humponyoka.

Basi weka kikomo: kazi 3 wazi kwa wakati mmoja. Kazi hapa ni jambo lenye matokeo yanayoonekana na linalochukua zaidi ya nusu saa. Ziandike kwenye kadi tatu, mbele ya macho yako. Zote zilizobaki ziende kwenye orodha moja ya kungojea, ambayo huigusi mpaka kadi moja itoke. Kadi hutoka kwa njia mbili tu, kumalizika au kuachwa rasmi. Hairudishwi foleni kimyakimya, maana hapo ndipo viporo huzaliwa.

Kanuni hii huharibika mahali pawili. Pa kwanza ni kazi inayomsubiri mtu mwingine. Umeshatuma rasimu, unangoja jibu. Je, kadi inahesabiwa? Watu huitoa, wanafungua nyingine, na baada ya siku 10 wana kazi 9 zinazosubiri zote zikirudi kwa pamoja. Ruhusu zinazosubiri zisizidi 3, kila moja ikiwa na jina la anayesubiriwa na siku ya kumkumbusha. Zikifika 3, kazi yako ya kwanza asubuhi ni kufuatilia, kabla ya kufungua jambo lolote jipya. Pa pili ni kadi kubwa mno. "Kujenga nyumba" haitatoka kwenye kadi kwa miaka miwili, na itaziba nafasi. Kadi iandikwe kwa kipande kinachoweza kumalizika ndani ya wiki moja, au mbili zikizidi sana.

Siku yenyewe haihitaji mapambo. Vipindi viwili vya dakika 90 kwa kazi za kwenye kadi, kimoja mapema kadiri hali yako inavyoruhusu, simu ikiwa chumba kingine. Wanaopata shida kuanza hufaidika na mtindo alioubuni Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kipima muda cha jikoni: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya vipindi 4 mapumziko marefu zaidi. Ni dawa nzuri ya kuahirisha. Kwa uandishi au hesabu ndefu, dakika 25 huisha wakati ndiyo kwanza akili imeshika uzi, hivyo ukishazoea kuanza, panua kipindi.

Kabla ya kuinuka, andika mistari miwili: nimefika wapi, na hatua ya kwanza nitakaporudi ni ipi. Iwe hatua ya kimwili kabisa: "fungua jedwali la tatu, linganisha safu ya mwisho na risiti". Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba malengo yasiyomalizika huingilia fikra za mtu anapofanya jambo lingine, lakini akishaweka mpango mahususi wa kuyamaliza, uingiliaji huo hupungua hata kabla hajayamaliza. Dakika moja ya mistari hiyo ndiyo inayokuruhusu kukaa mezani na watu wako ukiwa nao kweli. Kwa maoni yangu hakuna mbinu nyingine ya bei rahisi kama hii, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Ujumbe na barua pepe zisomwe mara tatu kwa siku, kwa nyakati zinazojulikana, arifa zikiwa zimezimwa. Waambie wenzako njia ya dharura ni kupiga simu. Usipowaambia, watajaza pengo la ukimya wako kwa wasiwasi, nawe utarudi kuchungulia kila dakika 5.

Kisha funga siku. Mwanauchumi John Pencavel alichambua kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akachapisha matokeo mwaka 2014. Uzalishaji wa wiki ya saa 70 haukutofautiana sana na ule wa saa 56. Saa 14 ziliingia kiwandani, karibu hazikutoka na kitu. Kazi yenu huenda si ya kusimama mbele ya mashine, lakini anayesahihisha hesabu saa 5 usiku na kuzisahihisha tena kesho yake anajua saa hizo zilikwenda wapi.

Niliahidi kurudi kwenye viwango. Mwaka 1955 mwandishi Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika kwamba kazi hupanuka kujaza muda uliopo. Dawa yake ya kawaida ni kupunguza muda, na husaidia kiasi. Dawa iliyo bora ni kuandika mstari wa mwisho kabla ya kuanza. Kwa ripoti: nani ataisoma, ataamua nini baada ya kuisoma, na isizidi kurasa ngapi. Kwa usafi wa nyumba: sakafu, vyombo na choo kila siku, madirisha mara moja kwa mwezi. Kwa wasilisho: slaidi 8, picha hazibadilishwi baada ya Jumatano. Mstari wa mwisho ukiandikwa baada ya kazi kuanza, utasogea, kwa sababu wakati huo unaongozwa na hofu ya kuhukumiwa. Si kila kitu kinastahili ubora uleule. Dozi ya dawa, hesabu za fedha za watu, breki za gari: hapo hakuna kushusha. Mpangilio wa rangi kwenye jedwali la ndani ya ofisi: hapo shusha bila kuomba radhi.

Kuhusu vitu, watu wengi wanaposikia maisha mepesi huwaza kabati tupu. Vitu vina sehemu yao. Kila kitu kinachoingia nyumbani huja na kazi: kukifuta, kukichaji, kukitengeneza, kukitafuta. Na vitu huitana. Katika karne ya 18 mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliandika jinsi joho jipya la nyumbani lilivyofanya samani zake za zamani zionekane duni, akaishia kubadilisha chumba kizima. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza kitu hiki kitadai nini kingine kiandamane nacho. Lakini angalieni: kupanga nyumba upya ni kazi tamu sana ya kukimbilia mtu anapoogopa kazi ngumu. Mtu huchukua wiki mbili kupanga vitabu kwa ukubwa huku kadi zake tatu zimelala. Jipe dakika 30 kwa wiki, droo moja au rafu moja, kisha simama.

Zana za kupangia kazi zina mtego uleule. Kalenda moja, daftari moja au programu moja ya orodha, mahali pamoja pa mafaili. Kuhamia programu mpya huchukua siku kadhaa za kunakili na wiki za kuzoea, na mara nyingi kinachohamishwa ni viporo. Ukiona hamu ya kubadilisha zana, tazama kwanza idadi ya ahadi. Karibu kila mara tatizo liko huko.

Wepesi nao hupita kiasi, na wanaoupenda hawapendi kusikia hivyo. Anayeuza mashine ya kufulia ili aishi kwa urahisi, kisha akafua kwa mikono saa 5 kwa wiki, ameongeza mzigo, isipokuwa kama kufua kunampumzisha kweli. Anayetupa kila kitu cha akiba atakinunua tena kwa haraka, siku ambayo hana muda wa kwenda kununua. Kipimo ni saa kwa wiki, pamoja na utulivu wa siku mambo yanapoharibika. Akiba kidogo ya vitu na ya muda ni sehemu ya wepesi.

Na kuna wepesi wa kuwatwisha wengine. Ukiacha kukumbuka tarehe za shule, mke wako, mumeo au dada yako akaanza kuzikumbuka, mzigo haukupungua, ulihama. Ile safu ya "nani anaitegemea" ipo kwa sababu hiyo. Kila unachokata, uliza kimekwenda kwa nani. Kama kimekwenda kwa mtu wa nyumbani, kaeni mzungumze, naye akabidhi kitu.

Wapo pia kati yetu ambao hawana cha kukata: anayemuuguza mzazi, anayelea watoto peke yake, mwenye kazi mbili ili kodi ilipwe. Kumwambia huyo aseme hapana ni kumkosea adabu. Kwake njia zilizobaki ni kushusha viwango palipo salama, kuunganisha safari na shughuli za mahali pamoja, na kuomba msaada mahususi. "Nisaidieni" hupotea hewani. "Jumanne kuanzia saa 10 hadi 12 jioni, kaa na mama" hupata mtu. Na sisi tulio na nafasi kwenye safu zetu, sehemu ya saa tutakazookoa ielekee huko.

Hapo tumerudi kwa mwenyewe wa muda. Kabla hujaacha ahadi yoyote, andika kwenye kalenda saa hizo zitakuwa za nani au za nini, kwa siku na saa. Usiandike "kupumzika zaidi". Andika "Alhamisi saa 11 jioni, kutembea na mtoto". Saa isiyoandikwa itajazwa ndani ya wiki mbili na mtu mwingine, au na kioo cha simu.

Mara moja kwa wiki, dakika 30, pitia kadi, orodha ya kungojea na kalenda ya wiki inayokuja. Swali moja lisikose: wiki hii nimepokea ahadi gani mpya, na inaisha lini? Msitegemee mazoea haya yashike haraka. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuwa ya kawaida, huku wengine wakichukua 18 na wengine wakikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu safari yao. Kwa hiyo ukikosa pitio la wiki, fanya la wiki inayofuata kwa dakika zilezile 30, usijaribu kulipa deni.

Kila mmoja ana karatasi yenye safu nne mbele yake. Fungueni kalenda za wiki 8 zilizopita, zimeni arifa, na muanze na mistari ile inayojirudia. Tarehe za mwisho acheni wazi mpaka mtakapojumlisha dakika. Mna dakika 45.